Ada ya Kupanda Mapema

Danstan alikaa juu ya gunia la mihogo la mtu, mguu wake wenye vyuma ameunyoosha kuelekea lami ya Lusahunga, nzi wamejaa kwenye bandeji. Mkewe Verediana aliwafukuza kwa ncha ya kitenge, akachoka, akawaacha. Daktari wa Mwanza alishasema: Alhamisi asubuhi muwe hapa, mkikosa tutaukata. Leo ilikuwa Jumatano.

“Shikamoo mama,” alisema Gaudence, wakala wa basi.

“Marahaba. Ile siti ya mbele ipo? Mguu haukunjiki.”

“Ipo. Ila siku hizi kuna ada ya kupanda mapema, elfu tano kila mtu. Asiyelipa anapanda mwisho.”

“Mwanangu, miaka tisa nasafiri na ninyi tu. Nusu ya wanawake wa soko hili nimewaleta mimi.”

“Ndiyo maana nakwambia wewe, mama. Wengine siwaambii.”

Verediana akalipa ada ya wote wawili juu ya nauli. Ilikuwa hela ya kula na kulala. Watalala kwenye korido ya hospitali, wameshazoea.

Basi likafika saa tano likitokea Ngara, limejaa tayari. Konda, Rogasian, akashuka akipiga kelele: “Waliolipia kupanda mapema, mbele!”

Watu wote wakasogea mbele. Kumbe Gaudence alimwambia kila mmoja maneno yale yale. Wakasukumana vilevile kama zamani, ila sasa kila mtu ana risiti mkononi. Danstan alipofika mlangoni na magongo yake, siti ya mbele ilikuwa na bwana mwenye tai, aliyepanda tangu Ngara.

“Hiyo ni yetu,” Verediana alisema, akionyesha tiketi.

“Mama, ada ni ya kupanda, siyo ya kukaa. Mzee asimame mpaka Geita, kuna wanaoshuka,” Rogasian alijibu.

“Asimame na mguu upi?”

Rogasian aliutazama mguu, akaziba pua bila kujificha, akagonga ubavu wa basi mara mbili. Likaondoka.

“Nirudishie nauli nitafute gari lingine,” Verediana alimwambia Gaudence. Hata hasira yake ilikuwa imechoka.

“Hela imekwenda na basi, mama. Kesho nitakupandisha wa kwanza kabisa.”

Kesho ni Alhamisi.

Haikupita nusu saa, basi la kampuni nyingine likasimama, nusu tupu. “Mwanza! Mama, panda, siti zipo!” konda wake akaita.

Verediana akatikisa kichwa; nauli nyingine hakuwa nayo.

“Usijisumbue,” Gaudence alimwambia konda yule, akicheka. “Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi. Hahami.”