Farasi Mmoja Bwawani

Umeme ulikatika kabla ya mapambazuko, na jua lilipochomoza perege walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema kama watu waliotoka mbio. Mama Mapezi, aliyebatizwa jina hilo na majirani kwa ajili ya samaki wake, alisimama ukingoni mikono kichwani. Pampu ya kutia hewa ilikuwa kimya. Bila hewa, bwawa zima lingekufa, na bwawa lile ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki.

"Shemeji, futa machozi, dawa imefika!" Alikuwa Cheche, mdogo wa marehemu, mchomeleaji vyuma, akiburuta jenereta ndogo aliyowashia taa karakanani kwake.

"Itaiweza pampu?"

Cheche akainama kusoma kibati cha jenereta. "Wati mia saba." Akasoma cha pampu. "Nguvu ya farasi moja. Mia saba kwa moja, shemeji! Tutabakiwa na chenji."

Mama Mapezi akacheka kidogo, moyo ukatua. Kweli, moja itaishindaje mia saba?

Wakaunganisha. Pampu ikanguruma mara moja, jenereta ikakohoa, ikazima. Wakajaribu tena, safari hii ikatoa moshi. Samaki wa kwanza akageuka tumbo juu.

Mama Mapezi alimpigia simu fundi umeme. Fundi akamsikiliza, akashusha pumzi.

"Mama, hiyo moja si ya wati, ni ya farasi. Farasi mmoja ni wati mia saba arobaini na sita. Na wakati wa kuwaka anataka hata mara tatu ya hizo. Mimi ninayo jenereta ya kilowati tatu."

"Kilo tatu ndizo wati ngapi, mwanangu?"

"Elfu tatu. Lakini niko safarini, nitafika jioni."

Jioni! Simu ikamponyoka ikaanguka majanini.

Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwita mwanawe. "Wewe Cheche, kitendawili!"

"Mama, sasa hivi?"

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Ndoo moja na vijiko mia saba, kipi kina maji mengi?"

Cheche akaigeukia ndoo aliyokalia mama yake. Akaitazama jenereta yake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Mama Mapezi naye alilirudia neno moja moyoni. Vijiko. Basi kama farasi ni ndoo, nani hapa anakunywa kwa kijiko? Akakimbilia kibandani, kwenye tangi la kulelea vifaranga wa samaki, ambalo wakati huo lilikuwa na maji matupu. Pembeni palikuwa na kipampu kidogo cha kutia hewa, kama ngumi. Akakisugua kibati kwa kanga: wati arobaini.

"Cheche! Lete jenereta huku! Wati kwa wati, hii itakiweza!"

"Lakini shemeji, tangi hili halitoshi hata robo ya samaki wako."

"Najua."

Akaingia bwawani na nguo zake, wavu mkononi. Aliwatafuta wale wazazi, wakubwa wenye mapezi mekundu, wanaozalisha vifaranga wa bwawa zima. Siku nyingine wangemchenga. Leo walishikika bila kukimbia, na hilo ndilo lililomkata maini. Wadogo walimgusagusa magotini, midomo juu, naye akawapita.

"Nisameheni," alinong'ona. "Nisameheni, wanangu."

Jenereta iliwaka, ikatulia. Mapovu yakapanda tangini. Cheche, bila kuambiwa, akachukua ndoo, akawa anachota maji ya bwawa na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa, akichota na kumwaga. Midomo bwawani ilizidi kupungua.

Mama Mapezi hakugeuka kutazama. Alitumbukiza mkono tangini, akangoja. Baadaye sana, pezi moja likampapasa vidole.

"Huyu anapumua," alisema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.