Wimbo Ambao Jenifa Hakuujua

Beda alikuwa mtu wa kusikiliza. Akilima anasikiliza, akisonga ugali anasikiliza, akiendesha baiskeli kutoka Pito kwenda Sumbawanga mjini anasikiliza, hedifoni moja sikioni na nyingine ikining'inia, maana mkewe Sharon alishamwonya kwamba iko siku lori litampigia honi asisikie. Simu yake ilijaa nyimbo za kwaya za kila jimbo. Wanakwaya wake walijivunia mwalimu anayejua muziki, na yeye, tuseme ukweli, sifa hizo alizipenda.

Mwezi wa sita akapewa kazi. Sista Fransiska alikuwa anatimiza miaka hamsini ya utawa, na huyu ndiye aliyemfundisha Beda kusoma nota akiwa na miaka kumi na mitatu, peku, kwenye benchi la nyuma kanisani. Sasa masikio ya Sista yalikuwa yanafunga. Daktari alimwambia la kulia limekwisha, na la kushoto halitafika Krismasi. Sista alilieleza jambo hilo kama mtu anayesema chumvi imekwisha jikoni, kisha akaongeza, "Kwa hiyo, Beda, nitungie wimbo nisioujua. Ninazozijua nimeshazisikia vya kutosha."

Beda akatunga kwa siku tatu. Wimbo ulimjia kwa wepesi hata akajishangaa. Aliuimba shambani peke yake akatokwa machozi. Jumanne jioni akaandika ubaoni mistari miwili ya kwanza, kila sauti ikaishika. Aliponyamaza ili aandike wa tatu, sauti ya pili hawakunyamaza. Waliendelea wenyewe bila maneno mpaka mwisho wa kiitikio, wakashuka pale pale alipokusudia washuke, naye amesimama na chaki hewani.

"Mwalimu," alisema Jenifa, kiongozi wa sauti ya pili, kwa adabu zote, "maneno ni mapya, lakini huu tuliuimba Pasaka ya mwaka juzi."

Kwaya nzima ikacheka. Beda naye alicheka, lakini uso ulimwaka moto. Hakuiba, jamani. Aliusikia mara nyingi mno mpaka ukahamia ndani yake, ukakaa, ukaanza kujiita mwenyeji. Kilichomuuma zaidi ni Sista: mama yule, kwa sikio lake la mwisho, angepakuliwa kiporo.

Akaamua kufunga masikio. Hedifoni akampa Sharon azifiche. Siku nne hakusikiliza kitu, akitumaini ukimya utamzalia wimbo, na ukimya haukuzaa chochote. Daftari lilibaki jeupe, akawa mkali hata kwa mbuzi wasio na kosa. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya sherehe.

Ndipo dada yake, Hellena, akapiga simu kutoka Mwimbi: ulezi umekauka, watu wa kupura hawatoshi. Beda akaenda kwa shingo upande.

Wanawake walikuwa wamejipanga safu mbili zinazotazamana, masuke yametandazwa katikati. Safu hii ikishusha fimbo, ile imeinua. Hellena aliongoza wimbo wa Kifipa, maneno akiyatunga hapo hapo. Ubeti wa kwanza ulisifu mavuno, wa pili ulimsema mwalimu wa kwaya mwenye mikono laini. Beda alikuwa amesikia watu wakipura tangu utotoni, ila hakuwahi kuuhesabu kuwa muziki. Sasa, masikio yakiwa na njaa ya siku nne, aligundua kwamba kati ya pigo na pigo kulikuwa na nafasi ndogo ambayo hakuna aliyepiga, na wimbo wote uliegemea hapo. Alipokaa chini kupumzika akausikia tena kwa nyayo, maana ardhi yenyewe ilikuwa inatetemeka.

"Dada, huu wimbo nani alitunga?"

"Nani atunge? Tunapura," alisema Hellena. "Inuka, mdogo wangu."

Wimbo wao hakuuchukua, alishakoma. Alichukua ile nafasi tu, na juu yake akajenga sauti polepole, akifuta zaidi kuliko alivyoandika. Kila mstari uliomjia kirahisi aliushuku. Aliporudi Pito akamwita Jenifa, akamwimbia mistari miwili, akanyamaza.

"Endelea," alimwambia.

Jenifa akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. "Siwezi, Mwalimu. Sijui unakoelekea."

Beda hakuwahi kusifiwa hivyo maishani mwake.

Siku ya jubilei, baada ya misa, wageni walikaa kwenye jukwaa la mbao uwanjani, Sista katikati. Hotuba zikapita moja baada ya nyingine naye akazitabasamia zote, hata pale Alfonsi, mwenyekiti wa sherehe, alipotangaza kwamba maji ya kunawa yamekatika. Beda akaelewa kwamba sikio la kushoto nalo limekwenda kabla ya siku zake. Alitamani kuacha kila kitu aende nyumbani, lakini kwaya ilikwishapanda jukwaani, safu mbili, kila mtu na fimbo yake. Akainua mkono, na fimbo zikashuka kwenye mbao.

Sista alitazama miguu yake. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili mbele ya wageni wote, akazikanyaga mbao kwa soksi. Sauti hakuzisikia, hilo Beda alilijua. Lakini walipofika ubeti wa tatu, mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga, tena haukugonga penye pigo. Uligonga kwenye ile nafasi, pale pasipopigwa na mtu, na hakuna aliyemfundisha. Beda aliendelea kuongoza huku machozi yakimtiririka, asiyafute.

Wimbo ulipokwisha, alimwendea akapiga goti. Sista akamshika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia:

"Ubeti wa pili, safu ya kushoto wamechelewa kuingia."

Beda akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamechelewa kweli.