Kiuno cha Mshale

Mume wangu aliitwa Mshale tangu ujanani, na jina hilo limempa kichwa. Miguu myembamba, mikono myembamba, mashavu yamebonyea. Dada yake ana nyonga za kujaza kochi, na kila jioni hupita kwetu akitembea hadi sokoni na kurudi. Mshale humchokoza dirishani: "Dada, wewe tutakuzika mapema."

Kitambi chake mwenyewe hakioni, na mwenye makosa ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Suruali zake nashona mwenyewe, na kwenye mshono wa nyuma huacha kitambaa cha akiba, kama fundi yeyote mwenye akili. Ikianza kumbana, naifumua akiwa kazini, naiachia kidogo, naipiga pasi. Akiba ikiisha, natia kipande cha rangi ileile. Mkanda havai, eti ni wa wenye matumbo. Asubuhi anajipigapiga: "Inchi thelathini na mbili, kama siku ya harusi." Nami nanyamaza, sipendi kumwona amenuna.

Juzi tulikwenda zahanati kupima afya, sisi wawili na dada yake. Muuguzi, mama asiye na haraka, akampandisha Mshale kwenye mizani. Uzito ulilingana na urefu. Mshale akamkonyeza dada yake.

"Bado kiuno," muuguzi akasema, akichukua tepu.

"Thelathini na mbili. Andika tu."

Muuguzi akapima, akarudia. "Thelathini na tisa."

"Hiyo tepu mbovu."

"Tepu nzima, baba. Mafuta ya tumboni yanazunguka ini na matumbo, mizani haiyaoni. Hayo ndiyo yanayotupunguzia siku. Ya nyonga hayana ubaya kiasi hicho."

Wifi akapimwa kiuno: thelathini na tatu. Akacheka hadi akakohoa.

Mshale hakucheka. Alinigeukia. "Fundi?"

"Nimekuwa nikiziachia," nikasema. "Miaka sita sasa. Sikutaka ujisikie vibaya."

Nyumbani alizirundika suruali zote juu ya cherehani yangu. "Na sanda yangu," akauliza taratibu, "nayo ungeiongezea?"

Nililia, sikuona haya. Nampenda mtu huyu, na nilikuwa namsindikiza kaburini kwa sindano yangu mwenyewe. Nikachukua suruali ya kahawia, nikafumua kipande, nikarudisha mshono inchi moja ndani, na akiba iliyopatikana nikaikata yote kwa mkasi mbele yake.

Akaivaa. Kifungo hakikufika. Nje, wifi alikuwa ameshapita dirisha letu. Mshale akaishika suruali kwa mkono mmoja, akafungua mlango.

"Dada," akaita, "nisubiri."