Rumonge Ilipoacha Kumtania Raisa

Siku Raisa aliposhuka Rumonge, Burundi, kuanza semesta yake ya ugenini, mtu wa kwanza kumtania alikuwa Waziri, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni.

"Mutanzania! Hicho Kiswahili cha redio umekileta kwa kilo ao kwa gunia?"

"Kwa gunia, kaka. Nimesikia chenu kimewaishia."

Meza zote za samaki zikaangua kicheko, na tangu hapo msichana yule hakupita sokoni bila kutupiwa neno.

Kwao ni Ujiji, ufuo ule ule wa ziwa lile lile, ila katikati kuna mpaka. Chuo chake kilimpeleka Rumonge kusomea uhifadhi wa samaki. Alipanga chumba kwa Mama Mwanvua, mjane mkamuaji wa mawese, ambaye alimfanya mtoto wa nyumbani kwa kumgombeza: maji anamwaga ovyo, chumvi anazidisha, simu haimtoki mkononi.

Simu ilikuwa na sababu yake. Raisa aliondoka kwao shingo upande, kwa kuwa mama yake, Bi Asya, alikuwa mgonjwa wa ini. Alikubali tu baada ya baba yake mdogo, Karimu, kumpa neno lake: "Hali ikibadilika nitakuambia siku hiyo hiyo. Utamkuta mama yako." Basi kila baada ya magharibi alipiga, akamsikia mama akiulaani uji usio na sukari, akalala na moyo mweupe.

Kisha mama akaacha kupokea. Akawa anapokea Karimu. Amelala. Anaoga. Sauti imemkauka, daktari kasema asiongee.

Na Rumonge nayo ikabadilika. Mama Mwanvua akaacha kugombeza. Raisa alirudi kutoka darasani akakuta nguo zake zimefuliwa na kupigwa pasi. Mezani aliwekewa samaki mzima wa kukaanga, mukeke wa ziwani, na hakuna mwingine aliyenyoosha mkono kwenye sahani ile. Jirani yao, Biasha, alikuja na vitumbua, akakaa, akamtazama msichana kwa muda mrefu, akaondoka bila kusema lililomleta. Raisa akitokea uani, wanawake walinyamaza, kisha mmoja akakumbuka ghafla habari za bei ya sabuni.

Alianza kuogopa. Alidhani wamemchoka na wanatafuta namna ya kumfukuza. Baadaye akadhani wanataka kumdhuru, akawa analala mlango ukiwa na komeo.

Siku moja akaenda kwa Waziri na kuanza yeye mwenyewe: "Kaka, leo ndagala zako zimekonda kama mwenyewe!"

Waziri hakucheka. Alimfungia samaki, akakataa pesa. "Enda nyumbani, dada. Mungu akusaidie na egzame za chuo." Alisema hayo akiangalia chini.

Hapo Raisa akaelewa. Desturi hiyo aliijua, kwani hata Ujiji ni hivyo hivyo. Aliye mbali hapewi habari mbaya. Anazungushiwa wema mpaka arudi. Yeye mwenyewe aliwahi kumnyamazia jirani namna hiyo, tena akimpakulia wali.

Alimkuta Mama Mwanvua akichuja mawese.

"Mama, mama yangu amekufa?"

"Hapana! Wallahi, hajakufa."

"Ila?"

Mwanvua akaweka chujio chini, mikono yake ikichuruzika wekundu. "Hainuki tena kitandani. Anakuuliza kila siku. Baba yako mudogo aliniapisha kwa simu, alisema umalize egzame kwanza. Mutoto wangu, mimi niko na kiapo cha watu."

"Ananiuliza, na ninyi mnanikaangia samaki?"

Mwanvua alinawa mikono. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia gari la Nyanza-Lac.

Njia nzima ziwa lilikuwa mkono wa kulia, limepanda hadi kwenye michikichi. Nyumba za ufukoni zilibaki mapaa tu juu ya maji, na hakuna abiria aliyezitazama. Raisa alipiga simu ya Karimu. Ililia mpaka ikakatika.

Nyanza-Lac alishuka ili apande gari la mpakani. Gari lililotoka huko lilikuwa ndiyo kwanza linasimama, na aliyeshuka ni Karimu, ndani ya kanzu, hana hata mfuko mkononi. Mtu anayeuguza hamwachi mgonjwa wake peke yake.

Karimu alimwona, akasita, akautengeneza uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Chuo hakijambo? Wenyeji wako wazima?"

"Wazima. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Mama mdogo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Watoto?"

"Wote wazima."

Raisa aliendelea kuuliza. Aliuliza jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwalimu wa madrasa, hata fundi aliyekuwa akiezeka jiko, na Karimu alijibu kila jina kwa subira. Kisha watu wakamwishia. Akabaki mmoja tu wa kuulizwa, na Raisa akafunga mdomo.

Karimu akamshika mkono, wakaingia gari la kurudi mpakani.