Pareto na Samaki wa Shiru

Kunguni wa mtaa wetu wa Rhonda hawana adabu. Ukinyunyiza dawa kwako wanahamia kwa jirani, kisha wanarudi na ukoo mzima. Ndiyo maana mwenye ploti alitoa amri: vyumba vyote kumi na viwili vinyunyizwe Jumamosi moja, magodoro yakae nje juani.

Ilikuwa ndiyo Jumamosi ambayo Kui alikuwa anafunga shule.

Kui ni mtoto wa dada yangu Shiru, aliyetuacha mwaka jana. Shiru alimwachia tangi la kioo na samaki mmoja wa rangi ya machungwa, jina lake Chief. Kila Jumapili Kui akipewa simu shuleni, hakujali hata kunisalimia mimi mama yake mdogo. "Tata, Chief ako?" Nami nilimwahidi kwamba atamkuta. Kwa kutoa ahadi sijambo.

Dawa za dukani niliziogopa kwa sababu ya samaki huyo. Nikampigia mama simu, naye akashuka kutoka Mau Narok asubuhi hiyo na mfuko wa pareto, maua aliyoyapanda, akayakausha na kuyasaga mwenyewe.

"Hii si kemikali, Wachuka, ni maua," alisema. "Tumepaka kuku, tumepaka ng'ombe, hata nyinyi mkiwa na chawa niliwapaka. Kuna mtu alikufa?"

Hakuna aliyekufa. Hata hivyo nilifunika tangi kwa karatasi ya nailoni, nikaweka blanketi juu. Tulichanganya pareto na maji ya sabuni, tukanyunyiza kila ufa, tukafunga mlango na kukaa nje kati ya vyombo na magodoro. Nilijiona mjanja kweli.

Jirani yetu Kibii, ambaye kwao wanafuga samaki kwenye bwawa, alipita mlangoni pangu akasimama. Alikuwa anasikiliza mngurumo mdogo uliotoka ndani.

"Wachuka, hiyo pampu ya hewa iko ndani ya blanketi ama nje?"

"Iko hapo chini, kwa floor."

"Wee! Si basi inavuta hiyo hewa ya dawa na kuingiza kwa maji? Na pareto ndio mbaya kabisa kwa samaki. Mtoe sai!"

Niliingia nikikohoa, nikachomoa waya, nikang'oa blanketi. Chief alikuwa amelala ubavu, mkia ukitetemeka. Ndoo ilikuwa na pareto. Beseni lilikuwa na pareto. Nilikimbia nje kuchukua sufuria ya ugali, Kibii akaijaza maji ya mvua kutoka kwenye mtungi uliokuwa umefunikwa, nikamhamishia Chief kwenye sufuria hiyo. Alikataa ya mfereji, akasema nayo yana dawa ya kusafishia maji.

Mama alichuchumaa kando ya sufuria, akawa anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga polepole ili yaingie hewa. Kila akimwaga alimwinamia Chief kumtazama, na hofu yangu ikazidi, kwa sababu mama yangu si mtu wa kuogopa.

Saa tisa geti liligongwa. Kui aliingia akiburuta sanduku, na mama, sijui alifikiria nini, akafunika sufuria. Mtoto alimtazama nyanya yake, akanitazama, akaona mlango wazi na tangi bila samaki. Alikuja akafunua mwenyewe.

Chief alikuwa bado amelala ubavu. Mdomo ulifunguka, ukakaa, ukafungika.

"Atapona," nilisema haraka.

"Mum alikuwa anapumua hivyo," Kui alisema. "Na ukaniambia atapona."

Kweli nilimwambia hivyo, hospitalini, nikijua kabisa hatapona.

"Sijui, Kui," nilisema. "Ni sisi tulimfanya hivi, na sijui kama atapona. Naogopa sana."

Alivua sweta ya shule, akakaa chini kwenye saruji, akampokonya nyanya yake kikombe.

"Basi kaa hapa, Tata," alisema. "Na usitoke mpaka tujue."