Pete Zenye Mwanya

Ti, ti, ti. Ukucha uligonga bilauri gizani, ukapanda taratibu hadi ukingoni, kisha chai ikamiminika. Inshirah alisikiliza akiwa bado kitandani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini hilo halikumbabaisha bintiye. Nawara, mwenye miaka saba, alimimina chai namna ileile hata jua likiwa utosini.

Mwaka uliopita wapimaji wa macho walifika shuleni kwao, hapo mjini Tanta. Walitundika chati yenye pete nyeusi, kila moja na mwanya wake. Mtoto alitakiwa aonyeshe kwa mkono mwanya umeelekea wapi. Zamu ya darasa la Nawara ilikuwa kesho yake. Inshirah, aliyezoea kuhifadhi kichwani masomo yake ya darasa la jioni huku akikanda unga, alichungulia mlangoni akazihifadhi pete zote. Aliporudi nyumbani alimkalisha mtoto sakafuni jikoni, akamega kipande cha simiti, ule mkate wa umbo la pete, ukabaki na mwanya, akawa anaugeuza mikononi mwake: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: shule ya bweni ya wasioona, mwendo wa saa tatu kwa treni. Nawara alifaulu. Wakamwandikia macho mazima.

Macho hayo mazima yalikaa dawati la mbele mwaka mzima bila kunakili mstari. Mwalimu ndiye aliyemweleza Inshirah habari za darubini ya jicho moja, ndogo kama kidole gumba, inayousogeza ubao hadi karibu na pua. Hospitali iliwapa watoto wenye uoni hafifu, na waliopewa walibaki shuleni kwao.

Sasa walikuwa hospitalini, na ukutani ilining'inia chati ileile. Ustadh Wagdi, mpimaji, akainua fimbo. Nawara hakungoja hata fimbo itue. Mkono wake ulikwenda juu, kulia, chini, chini, kushoto, safu baada ya safu, hadi pete ya mwisho iliyo ndogo kama punje ya ufuta.

"Mashallah!" Wagdi akacheka. "Mama Nawara, huyu ana macho ya mwewe. Darubini ya nini, akahesabie nyota? Haya, wapishe wenye shida."

Nawara alimgeukia mama yake akitabasamu, kama mtu aliyetimiza agizo. Inshirah hakuwa amemwambia kwamba leo haikuwa siku ya kufaulu. Njia nzima alitafuta pa kuanzia, asipaone.

"Igeuze," alisema.

"Nini?"

"Chati, Ustadh. Juu iwe chini. Mimi ndiye niliyemkaririsha."

Benchini bibi mmoja aliyempakata mjukuu akapiga makofi. "Makubwa haya! Wenzake wanaibia mtihani wa hesabu, huyu kaibia wa macho!"

"Hebu mwache, Hajati," Wagdi alisema. Hakucheka tena. Akaipindua chati.

Mkono wa Nawara uliinuka, ukaelekea juu, ukasita, ukaenda kulia. Akamtegea mama yake sikio. Inshirah aliziona pete zote vizuri. Jibu lilimjia hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Leo sikupi jibu, roho yangu. Mwambie amu Wagdi unachokiona."

Fimbo ilikuwa bado imesimama palepale. Nawara akashusha mkono.

"Naona ukuta tu," alisema.