Gari, Mwambie Anayevuta

Mama yake Ruti alikuwa na kifua kilichoijua mvua kabla ya wingu lenyewe. Huko Igamba, anga likianza tu kujikunja, kifua kilipiga filimbi. Na akilowa, basi, wiki nzima alilala ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kama mtu anayekokota gogo. Masika yaliyopita alipanda lori la wazi kwenda msibani, akarudi amebebwa kwenye machela. Tangu hapo aliapa hatasafiri tena wakati wa mvua, na ndugu zake wote wakamwambia ameapa vizuri.

Sasa ilikuwa masika tena, na mtoto wa Ruti alikuwa abatizwe Jumapili.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ruti na mjukuu wa pekee wa mama yake. Ruti alikuwa amemwambia mumewe, Danieli, siku alipokuwa akipakia lori la tajiri wake kwenda Kasama, ng'ambo ya mpaka:

"Mama asipofika, mtoto habatizwi. Tutangoja kiangazi."

"Mchungaji hangoji kiangazi," Danieli akacheka. "Mwombe baba. Gari lake limebakiza kioo tu."

"Nimwombe kwa mdomo gani?"

Danieli akakuna kisogo, akapanda lori, akaondoka. Swali lilikuwa zito kuliko mzigo wake.

Maana baba mkwe wa Ruti, mzee Lwitiko, alikuwa Mndali aliyehamia Tunduma baada ya vita, na kwao mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ruti, binti wa Kinyiha, aliikuta desturi hiyo ndani ya ndoa kama mtu anavyokuta mlango mfupi katika nyumba nzuri: akajifunza kuinama. Akisikia kikohozi cha mzee nyuma ya nyumba, alijitanda kitenge na kujificha nyuma ya ghala la mahindi. Mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba kuiacha mila hiyo si dhambi. Mzee Lwitiko aliitikia amina kwa sauti kubwa, akarudi nyumbani, akaendelea nayo.

Haukuwa uadui. Ruti aliamka akakuta kuni zimepasuliwa mlangoni pa jiko, na mzee alirudi kutoka shamba akakuta uji wake moto umefunikwa. Waliheshimiana kwa kupeana migongo, na nyumba ilikuwa na amani.

Gari lenyewe lilikuwa la mzungu mmoja mkulima wa kahawa huko Mbozi. Lilitengenezwa kabla ya vita ya Hitila, likaachwa bandani mpaka kuku wakaliona ni lao. Lwitiko, aliyeendesha malori ya jeshi hadi Burma na kurudi, alilibadilisha kwa ng'ombe wawili. Akafufua injini, akaweka breki, akajaza viti sufi mpya, akapaka rangi nyeusi iliyong'aa hata jogoo akawa anagombana na kivuli chake mlangoni. Kilichobaki ni kioo cha mbele. Kioo alikuwa nacho, na mpira wa kukishikilia alikuwa nao pia, ameununua kwa Mhindi wa Mbeya. Lakini mpira ule uliuzwa kwa urefu, kama kamba, na mnunuzi mwenyewe ndiye aliyepaswa kuunga ncha zake ziwe pete moja. Unganisho likikataa, maji yanaingia. Na maji yakiingia mbele, abiria mwenye kifua amepanda gari au amepanda lori la wazi, yote ni mamoja.

Alhamisi asubuhi Ruti alikuwa jikoni akichekecha unga aliposikia kelele uani.

"Polepole, Boazi! Unavuta kamba ya mpira, huvuti ndama!"

"Ndama angekuwa ameshatoka, mzee!" Boazi akajibu kutoka ndani ya gari. Boazi alikuwa jirani, mwezekaji wa nyumba, mwenye mikono kama majembe.

Kisha pakasikika pa! Ruti alijua bila kuchungulia: unganisho limeachia.

Mzee Lwitiko akasema maneno ya Kindali ambayo Ruti alimshukuru Mungu kwa kutoyaelewa. Boazi akatoka garini akijikung'uta.

"Mzee, mimi nafunga mapaa. Nikivuta, nimevuta. Kazi ya kubembeleza mpe mkeo."

"Mke wangu ameteguka mkono, na unajua."

"Basi mpe mkamwana wako, yule msuka mikeka!"

Boazi aliucheka utani wake mwenyewe hadi barabarani, kwa sababu ilikuwa sawa na kumwambia mtu akamkamue simba maziwa. Lakini Ruti jikoni hakucheka. Aliitazama mikono yake, myeupe kwa unga. Tangu utotoni alikuwa akivuta ukindu kwa namna hiyohiyo: ukivuta kwa pupa unakatika, ukilegeza mkeka unakunjamana.

Mama mkwe wake, Marita, alikuwa kizingitini akichambua maharage kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa shingoni.

"Mama," Ruti akasema, "mwambie nitavuta mimi."

Marita akaacha maharage. "Utavuta ukiwa umefumba macho? Kioo ni kioo, mwanangu. Wewe ndani, yeye nje, nyuso zinagusana."

"Tutakipaka udongo mweupe, ule uliobaki tulipopaka nyumba."

Marita alicheka mpaka mkono uliofungwa ukamuuma. Akainuka, akaenda uani. Ruti akasikia mnong'ono, kisha kikohozi cha mzee. Marita akarudi na pete ya mpira iliyoachia, wembe, msasa, chupa ya petroli na kopo la solusheni ya kubandikia mipira ya baisikeli.

"Kwanza uungwe upya. Macho yake ya karibu yamekufa, ndiyo maana ncha zilipishana. Ameuliza kama aliyeko jikoni anaona vizuri."

Wakakaa hivi: Ruti mlangoni pa jiko, mgongo ukiangalia ua; mzee nyuma ya gari, haonekani; na Marita katikati, juu ya kigoda, kama spika wa bunge. Kila mmoja alimsikia mwenzake waziwazi, lakini maneno yalipaswa kupita kwa Marita, na Marita hakuwa mtu wa kupitisha neno bila kulionja.

"Mwambie akate ncha zote mbili kwa wembe, zinyooke, zisiwe na pua," akasema mzee.

"Mkwe wako mpendwa anasema ukate kwa wembe, zisiwe na pua."

"Sikusema mpendwa."

"Anasema hakusema mpendwa. Lakini hakukana."

Ruti akauma mdomo asicheke, akakata.

"Asugue kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Kisha afute kwa petroli, na asiguse tena kwa vidole. Vidole vya jikoni vina mafuta."

"Anasema jikoni kwako kuna mafuta, yaani anakusifu mapishi."

"Mama Danieli!"

"Sugua, mwanangu, futa, usiguse."

"Solusheni apake nyembamba, pande zote mbili. Halafu asiunge! Aache. Hapo ndipo kila mtu anapoharibu. Solusheni mbichi haishiki, inadanganya tu. Angoje mpaka akiigusa kwa mgongo wa kidole isimfuate."

"Anasema ngoja," akasema Marita.

"Maneno yote yale umeyafanya moja?" mzee akalalamika.

"Ndilo lililokuwa na maana."

Ruti akangoja. Harufu kali ya solusheni ilimjaa puani. Upande wa Mbozi wingu lilikuwa limeanza kupanda, zito, rangi ya sufuria, na alijua kwamba kwa wakati huo mama yake ameketi mlangoni kwake Igamba akilitazama wingu hilohilo, mkono kifuani. Vidole vilimwasha. Alitaka kuunga, amalize, gari liondoke sasa hivi. Akakaza mikono magotini, akahesabu kuku, akamaliza kuku, akaanza kuhesabu vifaranga. Alipogusa kwa mgongo wa kidole, solusheni ilinata kidogo, kisha ikamwachia.

Akazileta ncha pamoja. Zilikutana uso kwa uso, bila kupishana hata unene wa ukucha. Akabana kwa vidole gumba mpaka kucha zikageuka nyeupe, kisha akaweka vijiti viwili, huku na huku, akazungushia kitambaa na kufunga. Mpira ukalala hivyo hadi kesho yake, kama mfupa unaongoja kuunga.

Ijumaa Marita akafungua kitambaa, akavuta, akavuta tena, akampelekea mumewe. Ruti hakusikia neno. Alisikia tu mzee akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Udongo ukapakwa kwenye kioo mpaka hakikupitisha hata kivuli. Mpira ukavishwa kuzunguka kioo, unganisho likawekwa juu katikati, mahali ambapo maji hayatulii. Katika mfereji wa nje wa mpira mzee alizungusha kamba nyembamba ya katani, ncha zake zikaning'inia ndani ya gari. Povu la sabuni likapakwa fremu nzima. Ruti akaingia garini amejitanda, akakaa kwenye sufi mpya, akashika ncha za kamba. Kazi ilikuwa hii: yeye avute kamba kidogo kidogo ili mdomo wa mpira upande juu ya bati, na wa nje afuatishe kwa kiganja, akikisukuma kioo mahali pale pale kamba inapopita.

Wakaanza. Marita alisimama ubavuni akipokea maneno kushoto na kuyatoa kulia. Walikuwa wamemaliza upande mmoja mtoto alipolia nyumbani, si kilio cha njaa bali kile cha kuamka na kuona hakuna mtu. Marita akaondoka mbiombio.

Kamba ikakwama konani.

Ruti alivuta kidogo. Mpira ulijikunja. Akivuta zaidi, unganisho litakuwa la kwanza kulipa. Akilegeza, povu linakauka. Nje viganja vilikuwa vinapiga mahali pasipohusika. Marita hakurudi. Ruti akaangalia usukani, akaangalia kioo cheupe. Mtu huyo asisemeshwe. Sawa. Lakini hakuna mila iliyowahi kumkataza mtu kuongea na chombo.

"Ewe gari," akasema, "kona yako ya chini, kushoto kwa aliye ndani, inahitaji kiganja."

Viganja vikasimama. Ruti akafumba macho.

"Gari," sauti ya mzee ikasema taratibu nje ya kioo, "hapa?" Kofi likagonga.

"Gari, chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo, gari."

"Gari, mwambie anayevuta avute sasa. Na asiwe na hasira kama Boazi."

"Gari, mwambie anayesukuma kwamba Boazi ana mikono ya kuezekea, wengine tuna ya kusukia."

Ruti akasikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu aolewe: mzee Lwitiko anacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha puani, kama cha mwanawe. Kamba ikateleza. Mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati, kona ya pili ikakubali, na ncha ya katani ikamtokea Ruti mkononi. Kioo kilikuwa kimekaa.

Wala hawakupata nafasi ya kupumua. Mvua iliyokuwa imejizuia tangu jana ilishuka yote kwa mara moja. Udongo ukaanza kuteremka juu ya kioo katika michirizi myeupe, na katikati ya michirizi dunia ikafunguka. Ruti akavuta kitenge hadi puani. Lakini unganisho lilikuwa juu, na lazima mtu alitazame! Akainua macho kwa woga.

Mzee alikuwa amekwisha kugeuka. Alisimama mbele ya gari lake, mgongo kwa kioo, koti la jeshi likilowa mabegani, wala hakukimbilia barazani.

"Gari!" akapaza sauti kushinda mvua. "Kuna tone?"

Ruti akapitisha kidole juu, taratibu, kutoka kona hadi kona, akarudi pale palipoungwa, akabonyeza.

"Gari, hakuna. Pakavu."

Kofia ya mzee ikatikisika kukubali. "Basi lala vizuri, gari. Kesho alfajiri tunakwenda Igamba kumchukua mkwe mwenzangu."

Ruti hakuwa amemwomba. Alibaki ndani, kitenge usoni, na hakujua tena kilicholowanisha kitenge hicho, kwa sababu mvua haikuwa imeingia.

Jumamosi jioni gari lilirudi likipiga honi tangu barabarani, wipa zimechoka, matope hadi madirishani, mvua bado inapiga. Mzee Lwitiko alishuka, akapita upande wa pili wa nyumba bila kugeuka, akijinyoosha kiuno. Ruti akakimbilia mlango wa nyuma, akaufungua.

Mama yake alikuwa amekaa wima katikati ya kiti kama malkia, viatu vikavu, leso kavu, kifua kimya.

"Shuka, mama. Maji ya moto yapo."

"Nishuke niende wapi?" mama akasema. "Maisha yangu yote mvua imenikimbiza. Leo nimeitazama njia nzima ikijipiga kichwa pale mbele, haipati mlango. Niletee mjukuu wangu hapa hapa."

Ruti akamleta amefunikwa, akaingia, akafunga mlango. Mama akamkalisha mtoto magotini, na yule mdogo akanyoosha mkono kuelekea kioo, akijaribu kuyakamata maji yaliyokuwa yakipita upande wa pili.